Nyuzi Nyekundu Juu ya Mbakuri

Santana, 15 Machi 1987

Dada Deuzarina,

Naomba baraka zako. Huku sote wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kukausha shati.

Nakuandikia kuhusu mti. Usikunje uso, soma kwanza mpaka mwisho.

Maisha yangu yote nimeunda mashua za watu. Mwenye mashua anakuja, anapiga picha, anavunja chupa, anaondoka nayo, na mimi nabaki na vumbi la mbao masikioni. Sasa naunda yangu. Mataruma, yaani mbavu za chombo, ninayo, mbao za ubavuni ninazo. Ninachokosa ni mkuku. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo, dada, hauwekwi gogo la kuokoteza. Nataka mti mmoja mrefu, mnyoofu, mgumu, usioogopa maji. Kila gogo ninalopapasa huku viwandani naliona takataka, kwa sababu naujua ule mti wa baba, mbakuri.

Baba alisema kando ya kijito ni kwako, kando ya barabara ni kwangu, na ule mkubwa wa mpakani ni wetu sote wawili. Siwezi kuugusa bila wewe, na nakuomba. Hauzai. Tangu baba afe umekupa nini zaidi ya majani ya kufagia? Nitakuja Agosti na msumeno wa mashine, ardhi ikiwa kavu. Mashua nitaiita kwa jina la mama. Mama atatembea mtoni kutoka Santana mpaka Belém, wewe utakuwa unapanda bure, unakaa mbele na mwavuli wako.

Niambie ndiyo.

Mdogo wako,
Orivaldo


Vila São Bráulio, 20 Aprili 1987

Orivaldo,

Mungu akubariki, ingawa barua yako imeninyima usingizi. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kulisha kuku, nikarudi nikaisoma tena nione kama imebadilika.

Jibu ni hapana.

Unasema hauzai. Najua hauzai, mimi ndiye ninayeishi nao. Kila mwaka unapukutisha majani yote, unabaki uchi, halafu unajaa maua ya waridi mpaka watu wa barabarani wanasimamisha baiskeli kuutazama. Kasuku wanakuja kunywa, wanapiga kelele, wanaondoka. Kisha maua yote yanaanguka chini. Nafagia waridi ndoo kwa ndoo. Inaniuma, kama unataka kujua. Inaniuma kila mwaka kama mwaka wa kwanza.

Watu wanasema una mkosi, kwa sababu mimi na wewe tuligombana chini yake siku ya kumzika baba. Basi juzi, Jumamosi Takatifu, kengele zilipolia nilifanya ambacho baba angefanya. Wenzangu walikuwa wanachapa mikorosho na milimao yao isiyozaa, kama desturi ya siku ile, vibao vya kutania tu, huku wanacheka. Mimi nilichukua panga, nikageuza ubapa, nikachapa kwa hasira. Nikauambia, mwaka huu uzae, la sivyo Orivaldo anakuja. Gome likapasuka, utomvu wa njano ukanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikaona aibu, nikaupangusa kwa pindo la gauni.

Umesahau tunda la bakuri wewe. Umesahau tulivyokuwa tunalala masikio wazi mwezi wa kwanza, tukisikia linadondoka tunagombania mlango. Baba hakuruhusu mtu kuchuma, alisema bakuri likiwa tayari litakuja lenyewe. Na la kwanza la msimu lilifunguliwa na mdogo wa nyumba, yaani wewe. Ukipasua lile ganda nene, ndani vipande vyenye kokwa tuligawana sisi wengine, na kile kisicho na kokwa, nyama tupu nyeupe, kile tunachokiita mtoto, kilikuwa chako. Kila mwaka. Nilikuonea wivu mpaka nikaota matiti.

Tufanye hivi. Nipe msimu mmoja. Mwezi wa kwanza ukipita bila bakuri kudondoka, njoo na msumeno wako, na nitawapikia wakataji uji wa matunda ya asai na uduvi mimi mwenyewe. Likidondoka hata moja, hutautaja tena.

Jambo jingine. Yule mtu wa mananasi uliyemkodisha kipande chako amehama, ardhi imechoka. Kwenye mistari ya mananasi yanatoka machipukizi ya bakuri, yametoka kwenye mizizi ya ile mibakuri aliyoifyeka. Yaache.

Dada yako,
Deuzarina


Santana, 11 Mei 1987

Dada Deuzarina,

Baraka zako.

Nimekubali, kwa sababu ukishaamua jambo hata padre hakuwezi. Msimu mmoja. Lakini nakujua, usije ukanunua bakuri sokoni Soure ukaliweka chini ya mti ukaniita nije kulitazama.

Mkosi ninauamini mimi. Ila haukuletwa na ugomvi wetu wote wawili, uliletwa na ulimi wako. Uliniita muuza kaburi mbele ya watu, kisa nataka kukodisha kipande changu, baba hajafunikwa vizuri. Mti ulisikia, ndiyo maana ukafunga tumbo. Sasa unauchapa tena kwa panga. Ningekuwa mti ningehama.

Machipukizi ni magugu, dada. Nimeshaongea na Waldeci, yule wa mkokoteni, aje Agosti afyeke na kuchoma, nipate kukodisha tena.

Mke wangu anauliza ile machela yangu nyekundu ya utotoni, ya kuning'iniza na kulalia, aliyofuma mama, kama bado ipo. Mtoto wetu wa mwisho ameanza kukataa kitanda, nataka alale humo. Ukipata mtu wa kuaminika mpe ailete.

Orivaldo


Vila São Bráulio, 7 Juni 1987

Orivaldo,

Mungu akubariki na akufungue kichwa, maana nina mambo ya kukuambia na sitaki uyapitie juu juu.

Alikuja binti wa idara ya kilimo, mgeni, ana viatu vyeupe visivyojua tope. Alikuja kwa ajili ya mananasi, lakini mbakuri ulikuwa umeshavua majani na kuanza kuchanua, akasimama chini yake akiangalia juu. Nikamwambia habari za mkosi na panga. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Akaokota ua lililoanguka, akalipasua kwa kucha mbele yangu. Akasema, mama, kila ua la bakuri lina dume na jike ndani yake, lakini mti huu hauukubali unga wake wenyewe. Kasuku wanapokunywa asali wanapakwa unga vifuani, wanaupeleka kwenye ua jingine. Ua la mti ule ule likiupata, linadondoka. Linataka unga wa mti mwingine. Halafu akaniuliza, mwenzake uko wapi?

Nikamwonyesha kipande chako.

Sikuandikii haya kukuchoma. Au labda kidogo. Ila fikiri nami. Mti haukuacha kuzaa mwaka tuliogombana. Mwaka ule ulizaa, tulikula mabakuri kwenye matanga ya mwaka ya baba. Uliacha ule uliofuata, baada ya mtu wako wa mananasi kuangusha mingine yote. Kila mtu kijijini aliona mashina yakianguka, na kila mtu akasema ni ugomvi. Mimi pia. Nimeuchapa mti ambao kosa lake ni kubaki peke yake.

Nikamuuliza, je, machipukizi yanayotoka huku upande wangu? Akasema yale yametoka kwenye mizizi yake, kwa hiyo ni mti ule ule, hata yawe mia hayausaidii. Lakini yanayotoka kwako ni ya mizizi ya mibakuri mingine. Hao ndio wenzake. Hawatachanua leo wala kesho, inataka miaka. Ukiyachoma nitakuja Santana nikuchome na wewe.

Sasa msimu huu. Shoga yangu Osmarina wa Ponta Fina ana mbakuri mmoja nyuma ya nyumba, na huo pia ulinyamaza jirani yake alipofyeka. Kati ya kwake na kwangu ni mbuga tupu, kasuku hawavuki. Basi nitavuka mimi. Yeye atanichumia maua asubuhi yakiwa yamefunguka tu, nitayaleta kwenye beseni lenye kitambaa kibichi, na yatapakwa moja kwa moja kwenye maua ya mti wetu. Nimepata kijana wa kupanda, kwa hiyo usianze kupiga kelele kuhusu umri wangu.

Machela ipo. Nitaileta mwenyewe siku moja.

Deuzarina


Belém, 1 Julai 1987

Orivaldo,

Mungu akubariki.

Nimekuja Belém kumwona mtoto wangu wa ubatizo, Lucidéia, nitakaa kwake kidogo. Nilikuwa nahitaji kupumzika. Mti unaendelea vizuri. Ukiniandikia, tumia anwani hii iliyo nyuma ya bahasha.

Joto la huku halina adabu.

Deuzarina


Ponta Fina, 3 Julai 1987

Kaka Orivaldo,

Salamu. Ni mimi Osmarina, wa mzee Firmino, yule uliyekuwa unamwibia mapera. Dada yako ameniapisha nisikuandikie, nami nikaapa, na sasa nakuandikia. Mungu atanielewa.

Deuzarina ameanguka kutoka kwenye mbakuri. Paja limevunjika na mbavu zimeumia. Walimvusha kwa mashua mpaka hospitali ya Belém, wamemtia vyuma, anaishi, anatukana wauguzi, kwa hiyo usijiue. Lakini hatatembea kwa miezi.

Hakuna kijana wa kupanda, kaka. Hakuwahi kuwepo. Vijana walimcheka, wakasema bibi anataka kuozesha maua. Alipanda mwenyewe, na umri ule, kwa kamba ya kukwea michikichi ya asai na kifuko shingoni. Nilikwenda naye siku ya kwanza nikakaa chini nikisali. Anafika kwenye tawi, anakaa kama anakaa kwenye kiti cha kanisani, anachukua ua langu, anasugua kwenye ua lake, anafunga kiuzi, anasogea. Nilimpigia kelele ashuke, akaniambia nyamaza utaniangusha. Alishuka salama siku hiyo, na siku nyingine. Kisha ikanyesha alfajiri, tawi likawa na utelezi.

Alimaliza matawi ya chini ya upande wa kijito tu. Juu kote bado, na mti wangu bado unachanua, na wake pia. Nalia nikiona maua yale. Mimi mifupa yangu hainiruhusu hata ngazi ya kuku.

Nilipokuwa nampepea pale chini tukisubiri watu wa kumbeba, alisema jambo moja tu kukuhusu. Alisema, usimwambie Orivaldo, atakuja kuukata.

Wako,
Osmarina


Santana, 10 Julai 1987

Deuzarina,

Sikuombi baraka leo.

Umenidanganya. Kijana wa kupanda. Kumwona Lucidéia. Kupumzika. Wewe hujapumzika tangu ubatizwe.

Nimekaa na barua ya Osmarina sijui nifanye nini na mikono yangu. Mama alipokufa nilikuwa nanyonya bado. Wewe ndiye uliyenilea, ulinibeba ubavuni ukiwa mtoto mwenyewe. Sasa unataka kuniacha kwa ajili ya mti? Mti usiozaa? Ungekufa pale chini, nani angeniambia, Osmarina?

Mkataba wetu umekufa. Nimeazima msumeno, nimepata nafasi kwenye mashua ya Jumatatu. Siendi kuukata kwa ajili ya mkuku, mkuku naweza kuweka wa mti wowote. Nauangusha kwa sababu ukipona utapanda tena, nakujua, na safari ya pili sitakupata.

Ukikasirika, kasirika ukiwa hai.

Orivaldo


Belém, 16 Julai 1987

Orivaldo,

Nakuandikia kitandani, Lucidéia anapeleka barua hii bandarini sasa hivi, sijui kama itakukuta.

Usiuguse. Kama kuna heshima yoyote imebaki kati yetu, usiuguse. Nisikilize. Matawi ya chini upande wa kijito nilishayamaliza. Nipe mpaka mwezi wa kwanza, ulinipa neno lako. Sitapanda tena, naapa kwa mama. Sitapanda tena hata ngazi.

Sina mume, sina mtoto, hilo unalijua, na sijakulilia. Nyumba ni ya nyasi, kuku wanakufa. Mti ule ndio kitu pekee ambacho baba alikigusa na bado kinaishi. Nakuomba, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu.

Deuzarina


Santana, 9 Agosti 1987

Dada,

Naomba baraka zako.

Barua yako ilikuja nimeshaondoka, nimeikuta huku niliporudi. Nilikuwa São Bráulio kwa wiki mbili na zaidi. Kazi niliyoifuata nimeimaliza.

Kula vizuri, fuata wanachosema madaktari, usiweke uzito kwenye mguu. Kuku wako nimempa Osmarina. Paa limezibwa.

Orivaldo


Belém, 30 Agosti 1987

Orivaldo,

Kazi umeimaliza. Hongera.

Nimemwandikia Osmarina aniambie kisiki kimebaki na urefu gani. Hajajibu. Nadhani naye anakuogopa, au ananionea huruma, sijui kipi kibaya zaidi.

Hutapata barua nyingine kutoka kwangu. Mbao zitakazobaki kwenye mkuku wako, niwekee za jeneza, maana nusu ya mti ule ni yangu. Machela yako usiulize, nimeifumua. Nilihitaji nyuzi.

Mungu akubariki. Hilo siwezi kukunyima, nimelizoea mno. Lakini usiniite dada.

Deuzarina


Vila São Bráulio, 22 Novemba 1987

Orivaldo,

Nilisema sitaandika. Nimeandika. Usiseme kitu.

Nimerudi juzi. Tulishuka bandarini, nikapanda mkokoteni wa nyati wa Waldeci, nikamwambia anizungushe njia ya nyuma, nisikione kisiki. Akanitazama kama kichaa. Akasema, kisiki kipi?

Umesimama. Una majani mapya, umekuwa mweusi kwa ubichi. Nilikaa kwenye mkokoteni nikalia mbele ya Waldeci na nyati wake, sijali.

Kisha nikaangalia juu vizuri. Yapo. Mabakuri mabichi. Kwenye matawi yangu ya chini, ndiyo, hayo niliyatarajia. Lakini yapo mpaka juu, Orivaldo. Yapo upande wa barabara, yapo kileleni, mahali ambapo hata kasuku wanafikiri kabla ya kutua. Mimi huko sikufika. Unga haukupanda wenyewe.

Nimekwenda kwa Osmarina kwa magongo yangu nikamuuliza. Amecheka mpaka akashika ukuta, akasema kaapa, na safari hii hafungui mdomo.

Kipande chako hakijachomwa. Waldeci anasema ulimkataza, tena kwa ukali. Machipukizi yamenifika kiunoni.

Uliniacha miezi yote hii nikikulilia na kukulaani. Kwa nini? Nijibu kama mtu mzima.

Dada yako,
Deuzarina


Santana, 8 Desemba 1987

Dada Deuzarina,

Naomba baraka zako, na safari hii nazihitaji kweli.

Nilikwenda kukata, hilo sikukudanganya. Niliweka msumeno chini ya mti, nikanywa kahawa ya Osmarina, nikatukana. Mti mkubwa vile hauangushwi hivi hivi, utabomoa nyumba yako. Kwanza unapanda kupunguza matawi. Nikapanda na panga kiunoni, nikaanza upande wa kijito.

Tawi la kwanza tu nikaona uzi mwekundu. Nikajua mara moja uzi wa wapi. Nimelala ndani ya uzi ule mpaka nikaota ndevu. Nilikasirika nikataka kushuka nikakuandikie matusi. Halafu nikaona uzi mwingine, na mwingine. Umefunga kila ua ulilopaka, dada, fundo lile lile ulilokuwa unafungia kamba ya suruali yangu.

Mimi ni fundi, naamini jicho. Maua yasiyo na uzi yalikuwa yamekauka, ukiyagusa yanadondoka. Yenye uzi, sio yote lakini mengi, yalikuwa yameshika. Petali zimekwenda, na katikati pamebaki kitu cha kijani, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto mchanga. Nikavuta kidogo. Hakikutoka. Nikakaa pale juu nimekumbatia tawi, mwanamume mzima, mpaka Osmarina akaniuliza kama nimekwama.

Nikamwambia, mti wako bado una maua? Akasema upo waridi mtupu.

Basi kila asubuhi alikuwa akinichumia ya chini kwake, ya juu nikipanda mwenyewe, naendesha baiskeli na beseni kichwani kama muuza samaki. Wewe ulifanya ya chini kwa sababu mikono yako haikufika. Mimi nimezoea milingoti. Nilimaliza mti wote. Vijana wako waliokucheka walikuja kutazama, siku ya pili yake wakaomba kushika kamba. Nyuzi ziliniishia, nikachukua machela iliyobaki nikaimalizia mwenyewe kufumua. Mtoto wangu atalala kitandani kama watu wengine.

Kwa nini sikukuambia. Kwa sababu vile vitu vya kijani vingeweza kudondoka vyote mvua ya kwanza. Wewe ulikuwa umelala na vyuma mguuni. Nilifikiri, akidhani nimeukata, atanichukia, atapona kwa hasira, anapona vizuri akiwa na hasira. Nikimwambia umezaa na kisha mabakuri yakaanguka, hatapona. Nilichagua unichukie. Barua yako ya mwezi wa nane niliisoma kisha nikaificha kwenye sanduku la misumari, mke wangu asiione. Ile ya jeneza. Iliniuma, dada, sitasema haikuniuma.

Kipande changu ni cha machipukizi sasa. Asifyeke mtu, asilime mtu. Yakifika umri wa kuchanua, kasuku watafanya kazi yao, na sisi tutakuwa wazee wa kukaa chini.

Mashua bado ipo kwenye magogo bila mkuku. Nimesikia kuna mti mzuri umeangushwa na upepo juu ya mto Jari. Nitakwenda kuupapasa.

Mdogo wako,
Orivaldo


Vila São Bráulio, 6 Januari 1988

Orivaldo mdogo wangu,

Mungu akubariki, akubariki tena, na aniondolee mimi yale yote niliyokuita nikiwa Belém.

Limedondoka.

Nilikuwa natwanga uduvi, nikasikia kishindo kile, cha kwenye udongo wenye majani. Sikuwa nimekisikia tangu mwaka wa matanga ya baba, lakini mguu mbovu ulikijua kabla yangu, nikajikuta mlangoni bila gongo. Lilikuwa limelala kwenye mpaka, nusu kwako, nusu kwangu. Kubwa, la njano, ganda limechanika kidogo upande mmoja na utomvu umeganda hapo. Kwenye kikonyo kuna uzi umepauka na mvua, nusu nyekundu. Fundo si langu. Mimi sifungi fundo la mabaharia.

Osmarina amekuja mbio, kwake pia yameanza kudondoka, maana wewe ulimrudishia maua ya kwetu bila kuniambia, mjanja wewe. Waldeci amekuja. Wale vijana wamekuja na vijiko, hawana haya. Wote wamekaa uani wananitazama nilifungue, na harufu imejaa nyumba mpaka kwenye mito ya kulalia. Nimewafukuza. Nimewaambia mdogo wa nyumba hayupo.

Nimeliweka mezani kwenye sahani ya mama, nimelifunika kwa kitambaa. Bakuri lililodondoka halingoji zaidi ya wiki, unajua. Mashua inaondoka Santana Jumatatu. Huo mti wa Jari utakungoja, umeshaanguka.

Njoo na mke na watoto. Msumeno uache. Njoo na kisu.

Dada yako,
Deuzarina